Gia Zililia, Kosa Lilikuwa Langu

Najua nimepotea kwa wiki tatu. Nilikuwa nyumbani Trans Nzoia, na badala ya kibodi nilishika spana. Kwa hiyo leo sitaandika habari za Linux wala simu. Nitaandika kuhusu trekta ambayo ilikuwa ikilima kabla sijazaliwa, na hitilafu moja iliyonifundisha kazi yangu kuliko mhadhara wowote wa chuo.

Mambo yalianza Februari kwa simu ya baba. Baba si mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Tinga inasaga gia. Fundi anasema giaboksi ifunguliwe." Nikauliza bei. Shilingi 65,000, vipuri mbali. Nikanyamaza, naye akanyamaza. Sote tulijua majirani walikuwa wameshalipa rubuni ya kulimiwa ekari 22 kabla ya mvua, na rubuni hiyo ilikuwa imeshageuka karo ya dada yangu. Trekta isipolima, pesa za watu zirudishwe. Zirudishwe kutoka wapi?

Ijumaa jioni nikapanda matatu ya Kitale.

Kwa wale wasioijua, trekta yenyewe ni Massey Ferguson 135. Aina hii ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1964, nyingi zikitengenezwa Coventry, Uingereza, na injini yake ya dizeli ni Perkins ya silinda tatu. Ukipita sehemu zetu utaziona nyingi bado zinafanya kazi, rangi nyekundu imefifia na kiti kimeshonwa kwa gunia. Hazina kompyuta hata moja ndani. Ndiyo maana nazipenda: kila kitu unaweza kukiona, kukigusa au kukisikia.

Sasa tuelewane kidogo kuhusu klachi, maana bila hiyo hadithi haitaeleweka. Injini ikiwaka, inazungusha shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ukikanyaga klachi, diski inaachana na injini, na ile shafti inatulia. Hapo ndipo unaingiza gia. Magari madogo ya siku hizi yana kifaa ndani ya giaboksi kinacholinganisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana. Giaboksi ya trekta yetu haina. Unasimama, unakanyaga, unasubiri, unaingiza. Klachi isipoachia sawasawa, shafti inaendelea kuzunguka huku upande wa magurudumu umesimama. Meno yanayozunguka yanakutana na meno yaliyotulia, na unasikia krrrrr hadi kwenye mifupa.

Klachi ya trekta yetu, kama ya nyingi za aina hii, ina hatua mbili. Ukikanyaga hadi katikati, unakata nguvu ya magurudumu. Ukikanyaga hadi mwisho, unakata pia nguvu ya PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine kama ya kukatia nyasi. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Jumamosi asubuhi fundi alikuwa ameshaleta vifaa vyake. Kufungua giaboksi ya trekta hii si mchezo. Unaikata trekta vipande viwili, injini huku, mwili kule. Nikamwomba kwa heshima anipe saa mbili. Akacheka, akaketi chini ya mti na chai yake. Nikafanya kile ninachofanya ofisini programu inapokataa: kugawanya tatizo vipande, na kuuliza swali moja kwa wakati mmoja.

1. Injini ikiwa imezimwa, je, gia zinaingia? Zote ziliingia, laini kabisa. Basi fimbo ya gia na vifaa vya kusukuma gia ndani ni vizima.

2. Trekta ikitembea ndani ya gia, je, inalia? Haikulia. Ingekuwa beringi imekufa au jino kubwa limekatika, kelele ingesikika hata ikitembea.

3. Injini ikiwaka, ukikanyaga klachi ukahesabu hadi kumi ndipo uingize, je, inasaga? Ilisaga. Hili ni jibu zito. Kama shida ni haraka ya dereva tu, kusubiri kungetosha, maana shafti ingekuwa imetulia. Kusaga baada ya kusubiri ni dalili kwamba kuna kitu bado kinaizungusha.

4. Ukikanyaga hadi chini kabisa, je, PTO inasimama? Nilimwomba binamu aikanyage nami nikasimama mbali, maana shafti ile inanasa nguo na haina huruma. Pedali iligonga kibao cha miguu. PTO iliendelea kuzunguka kama vile hakuna aliyeikanyaga.

Hapo nikajua kwamba giaboksi ilikuwa inapiga kelele kwa niaba ya mwingine. Pedali ilikuwa inafika mwisho wa safari yake kabla klachi haijafika mwisho wa yake. Hatua ya pili haikufikiwa kabisa, na ya kwanza ilifikiwa nusunusu.

Lakini kwa nini? Trekta haikuwa imelazwa muda mrefu hadi diski igandishwe na kutu. Oili niliichungulia, haikuwa nyeupe kama maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia. Nikabaki na swali ambalo kila programa hulijua: ni nini kilichobadilika?

Nikamuuliza baba, "Ilianza lini?"

Akafikiri. "Baada ya Krismasi. Pale uliporudi Nairobi."

Nilihisi damu ikinishuka. Desemba baba alilalamika kwamba goti linamuuma, na pedali iko juu mno. Mimi, mwana aliyesoma kompyuta chuo kikuu, nilichukua spana, nikalegeza boliti inayobana pedali kwenye shafti yake, nikaishusha pedali, nikakaza. Dakika kumi. Baba alikaa, akakanyaga, akasema, "Sasa hii ni ya mzee." Nilijisifu hadi Nairobi. Sikuwasha injini kujaribu. Sikufungua kitabu cha mwongozo, ambacho kinaeleza wazi kwamba boliti ile ndiyo inayopimia nafasi ya pedali kabla klachi haijaanza kufanya kazi. Kwa kuishusha nilikuwa nimekula safari ya klachi yenyewe.

Ofisini tuna amri iitwayo git blame. Inakuonyesha kila mstari wa programu uliandikwa na nani. Kila anayeitumia anajua ile aibu ya kutafuta mjinga aliyeharibu, kisha kukuta jina lako.

Nikamuuliza baba kwa nini hakuniambia mapema, maana alikuwa amelima hivyo karibu miezi miwili. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya.

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Nilidhani mguu wangu hauna nguvu tena ya kukanyaga. Pedali uliitengeneza wewe uliyesoma, basi haikuwa pedali."

Miezi miwili mzee wangu alikuwa akipanda trekta kila asubuhi, akisikia gia zikilia, na kujilaumu kwa uzee wake. Elimu yangu ndiyo iliyomzuia kushuku kazi yangu. Hebu fikiria ni watumiaji wangapi wa programu zetu wanaofanya hivyo hivyo. Kitufe hakifanyi kazi, nao wanasema, "Mimi sijui kompyuta." Hawatuandikii. Wanajilaumu, wanaendelea kusaga gia.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na maajabu. Nilimwita fundi, nikakiri mbele yake na mbele ya baba. Alilegeza ile boliti, akarudisha pedali juu, akapima nafasi kwa mujibu wa kitabu, akakaza. Tukawasha. Hatua ya kwanza: gia ya kwanza ikaingia kimya. Hatua ya pili: PTO ikasimama. Fundi alichukua shilingi 1,500, na kusema kweli angeweza kudai zaidi kwa kicheko alichokizuia.

Lakini haikuisha bure. Tulipomwaga oili tukakuta vipande vidogo vya chuma vinang'aa chini ya karai. Gia ya nyuma bado inanung'unika kidogo, maana meno yake yamelika pembeni. Siku moja giaboksi itafunguliwa kweli. Hitilafu unaweza kuiondoa kwa dakika kumi, ila uharibifu uliokwisha kutokea haurudi nyuma pamoja nayo.

Na goti la baba? Pedali iko juu palepale ilipokuwa, kwa hiyo tatizo lile la Desemba lilikuwa bado linangoja jibu. Sasa binamu ndiye anayeendesha, na baba hukaa kwenye kigoda mwisho wa shamba akimpigia kelele kwamba mifereji imepinda. Ekari 22 zilikwisha siku nne kabla ya mvua.

Kama una trekta ya namna hii na inasaga gia, usikimbilie kuikata vipande. Angalia kwanza pedali na nafasi yake, kisha jaribu yale maswali manne hapo juu. Tena kabla ya yote muulize anayeiendesha kila siku ilianza lini, nawe uwe tayari kwa jibu.

Tuonane wiki ijayo. Nitarudi kwenye kompyuta, zina pedali chache.