Kuzikana Tunajua

Hapa Kamachumu marehemu hapelekwi mbali. Tunamlaza kwenye kibanja chake, kati ya migomba na mibuni, na anayechuma kahawa huchuma pembeni ya kaburi la babu yake. Nilipoisikia habari ya Kisa Gotami, mama wa Kihindi aliyemwendea Buddha na maiti ya mwanawe akitaka dawa, niliielewa upesi. Buddha alimtuma alete mbegu za haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa. Akazunguka mji mzima, akarudi mikono mitupu, akakubali kumwacha mtoto. Huku kwetu angekomea mlango wa kwanza.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera. Ugonjwa tukauita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda. Kizazi changu kikajifunza kuzika. Vyama vya kuzikana vilikuwa na turubai, masufuria na daftari la michango, na kila nyumba ilitoa mkungu wake.

Lakini anayekufa tulimwacha peke yake. Kaka yangu alilala miezi saba, pete ya ndoa ikawa inamvuka kidoleni, nasi tunamwambia, "Utapona, mvua zikianza utapalilia mwenyewe." Siku moja aliniomba nimshike mkono twende bondeni, anionyeshe mpaka wa kibanja. Nikamkatiza: "Kaka, acha uchuro." Akanyamaza, na hakuniambia tena lolote la maana hadi alipofariki. Aliacha watoto wanne. Mpaka ule tuligombania na jirani miaka sita.

Wabuddha hufundishwa kukitafakari kifo chao wenyewe wakiwa wazima, kila siku. Kwa Kipali huitwa maranasati. Mimi ni Mkristo na nitazikwa na kanisa langu, ila katika hili nimewakubali. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, watu wa umri wa kaka yangu wanazeeka. Wana muda wa kusema. Nao, naona, wananyamaza kama sisi.

Jumamosi nilimchukua mjukuu wangu wa darasa la sita, tukaufuata mpaka wote hadi bondeni. Kisha nikamwonyesha nitakapolala, karibu na kaka.

"Babu, mibuni hii itang'olewa?"

"Miwili tu."

Akaitazama mmoja mmoja, akaniuliza ni ipi.