Barua Kutoka Voi: Kikohozi Kisichosikia Dawa

Dada yangu mpendwa,

Nilishuka Voi kwa treni ya SGR salama, na kesho yake nikapanda matatu kupitia Mwatate hadi Wundanyi. Kona za Josa bado zinatisha, baridi ya juu ni tamu, na kimanga nimekila mpaka nikakataa chakula cha jioni.

Ila linalonifanya nikuandikie ni vifua vya watu. Karibu na Mwatate nilikaa na wachimbaji wadogo wa vito. Huku ndiko kwenye tsavorite, kile kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo mwaka 1974. Mwamba ukipasuliwa mkavu hutoa vumbi lenye silika, nayo iliwekwa na wakala wa utafiti wa saratani wa WHO katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1997. Vumbi hilohilo huifungulia TB mlango. Basi mtu anakohoa, anakonda, anatema damu: ni TB au ni saratani? Hata eksirei huweza kudanganya.

Mzee mmoja alimaliza dawa za TB, kikohozi kikabaki, akaanzishiwa dozi nyingine, ilhali makohozi yake hayajawahi kuonyesha vimelea. Niliumia sana. Kipimo cha TB hutafuta vimelea vya TB tu. Kikikosa kuvipata, hakijasema lolote kuhusu saratani. Ya saratani husemwa na seli zenyewe.

Seli hizo zinaweza kupatikana kwenye makohozi ya asubuhi, yakapakwa kwenye kioo, yakatiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Ni rahisi, lakini uvimbe ulio pembezoni mwa pafu hupita bila kuonekana. Ndiyo maana kuna bronkoskopi: bomba jembamba lenye kamera hupitishwa puani au mdomoni hadi kwenye njia za hewa, daktari akasugua kwa brashi ndogo, akasuuza kwa maji ya chumvi na kuyavuta, au akanyofoa kipande. Kwa mtu wa huku, mara nyingi hiyo ni safari ya Mombasa au Nairobi.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ambao ulinifurahisha. Watafiti walichukua seli kwa brashi kwenye njia kuu ya hewa, mbali na uvimbe, wakasoma jeni zake, kwa kuwa moshi wa sigara huacha alama njia nzima. Bronkoskopi peke yake ilikuwa ikinasa kama robo tatu ya saratani. Ikiunganishwa na kipimo hicho, zaidi ya 95 kwa kila 100. Lakini wote waliopimwa walikuwa wavutaji sigara, wa sasa au wa zamani. Mchimba vito asiyevuta hakuwamo, wala mama wa Taita aliyepikia kuni maisha yake yote. Nataka sana seli zao nao zisomwe.

Sasa, baba mdogo. Kikohozi chake kimepita miezi, na TB haikuonekana. Mwambie akusanye filamu zake zote za eksirei, hata zilizokunjamana, na aandike kazi alizofanya machimboni, mwaka hadi mwaka. Akipangiwa bronkoskopi aulize mapema aache kula saa ngapi, na aseme kama anatumia dawa za kulainisha damu. Jumamosi nitapitia Maungu kumchukua tushuke naye Mombasa. Nauli ninayo.

Mdogo wako