Kagio: Nyanya Tele, Nafasi Haba

Msomaji mpenzi, ukitaka kujua nyanya za jikoni mwako hutoka wapi, funga safari uende Kagio. Kutoka Nairobi ni mwendo wa yapata kilomita 100. Utapita Thika, Makutano na Sagana, kisha ushike barabara ya Kutus. Asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kenya utauona wazi upande wa kaskazini.

Kagio ni mji wa Kaunti ya Kirinyaga, na sifa yake ni soko. Wakulima huleta nyanya kwa mkokoteni wa punda, pikipiki au pikapu. Zikishapangwa katika makasha ya mbao, hupakiwa kwenye malori yaendayo mijini. Dereva wa Nairobi hutaka kuwa Marikiti kabla ya mapambazuko, kwani wachuuzi hununua alfajiri.

Lakini lori likikosa pa kusimama, dereva afanyeje? Akisimama kando ya barabara, anaziba njia na kujitafutia faini. Akiegesha mbali, atalipa wapagazi zaidi. Akizunguka mji akitafuta nafasi, anachoma mafuta bure.

Nyanya nayo haisubiri mtu. Huendelea kuiva hata baada ya kuchumwa, na joto huiharakisha. Kila kasha linapoinuliwa na kutuliwa tena, za chini husagika. Hasara hiyo si ya dereva peke yake. Dalali humpunguzia mkulima bei, na mchuuzi wa mtaani kwako naye anaongeza yake. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Usidhani ni shida ya Kagio pekee. Huko Marikiti pia, malori, mikokoteni na matatu hugombania barabara ile ile.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti masoko, pamoja na usimamizi wa magari na maegesho. Basi soko lisihesabiwe kwa vibanda tu. Litengewe pia uwanja wa kupakia na kupakua, na saa zake zijulikane na wote.

Nawe msomaji, ukizuru Kagio na familia yako, egesha gari lako mbali na malori, kisha mtembee kwa miguu hadi sokoni. Nafasi utakayoiacha huenda ikaokoa jasho la mkulima la miezi mitatu.