Tulivyokula Lubumbashi



Tangu turudi kutoka Lubumbashi, wengi wanatuuliza: «Mulikuona nini kule?» Wanangoja tueleze juu ya bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba, ao juu ya kilima cheusi cha mabaki ya madini, ao juu ya Universite. Tuliona hayo yote. Lakini jambo tulilojifunza zaidi ni juu ya kula, na ndilo tunataka kuandika hapa, hata kama linatuletea haya kidogo.

Tulikuwa wanane wa kwaya, wavulana sita na wasichana wawili. Wenyeji wetu walitupa mahali pa kulala, na chai ya asubuhi. Chakula kingine kilikuwa shauri letu. Shule ilitupatia feza ya kula mara sita: Alhamisi jioni, Ijumaa mara mbili, Jumamosi mara mbili, na siku ya Mungu saa sita kabla ya kurudi. Tulichagua mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano awe mtunza feza. Ni mtu wa maneno machache, na hesabu yake haikosi.

Alhamisi jioni tulishuka kwa kamio, vumbi mpaka kwenye nywele. Tuliogopa watu wa mji watatuona sisi ni watu wa pori. Basi tukapita katikati ya mji, tukaona restora moja yenye vitambaa vyeupe juu ya meza na taa kila pembe. Mtunza feza alisema: «Hapa bei haiandikwe ku mlango. Twende mbele.» Sisi tulimcheka. Tulisema hatukufika Lubumbashi kwa kula chakula cha vumbi, kwani ndilo jina tulilowapa wamama wanaouzisha bukari njiani. Ni jina tuliloanza kule internat, na wote tulikuwa tunalisema.

Tuliingia. Tulikaa wima kama kwenye mtihani. Mtu wa kazi alileta kuku kidogo na viazi vya kukaanga, ukihesabu vilikuwa kumi na mbili kwa sahani. Tulikula kwa kisu na uma, na mmoja wetu alirusha mfupa mpaka meza ya pili. Kisha wakaleta karatasi ya kulipa. Mtunza feza aliisoma mara mbili, akafungua mfuko, akalipa. Nusu ya feza yote ya safari ilikwisha usiku ule, na tulilala na njala.

Ijumaa asubuhi tulianza kuulizana tutafanya namna gani. Wengine walisema tununue mikate tu mpaka siku ya kurudi. Ndipo mtunza feza akasema: «Muniachilie miye leo. Mutakula.» Tulimfuata bila kusema neno, kwa sababu hatukuwa tena na haki ya kusema.

Alitupeleka kwa miguu mpaka Kenya. Si ile inchi ya Kenya, ni komini ya Lubumbashi yenye soko kubwa. Pembeni ya njia kulikuwa wamama wengi na mbabula zao za makala. Sisi tungekaa kwa wa kwanza, lakini yeye alipita mmoja, akapita wa pili, akapita wa tatu. Hakuangalia chakula kwanza, aliangalia watu waliokaa. Kwa mama wa ine walikuwa mafundi wa motokari wenye nguo za mafuta, mashofere wawili, na wabeba mizigo wa soko. Alisema: «Hawa wanakulaka hapa kila siku, na feza yao ni kidogo. Mama akiwadanganya mara moja, kesho hawarudi.»

Kisha akaangalia maji ya kunawa: kulikuwa ndoo yenye kifuniko, kopo na sabuni. Akaangalia maji ya kusafisha sahani, hayakuwa meusi. Akaangalia nyungu, zilikuwa mbili tu na zilifunikwa. Ndipo akasalimia.

«Jambo, mama.»

«Jambo, batoto. Karibuni. Iko bukari, iko lenga-lenga, iko thomson. Sombe ilishakwisha.»

«Mama, bukari ni ya sasa ao ya asubuhi?»

«Ya sasa, mwana. Angalia moshi.»

«Na weye mwenyewe, ulishakula?»

Mama akacheka sana, akatuonyesha sahani yake mwenyewe nyuma ya kiti, yenye bukari na mboga ileile. Mtunza feza akauliza bei ya sahani moja mbele hatujakaa, kisha akatuambia: «Mukae.»

Wandugu, tulikula! Bukari ilikuwa nyeupe na ngumu vizuri, ikishika mkono bila kuunguza. Lenga-lenga ilipikwa na karanga za kutwanga. Thomson ni samaki ya bahari, inakuja katika baridi kutoka mbali, hata Namibia. Mama aliikaanga, kisha akaipika na tomati na kitunguu mpaka mchuzi ukawa mzito. Tulinawa, tukala kwa mkono kama nyumbani, na hakuna mtu aliyetuangalia. Mama aliongeza bukari kwa wasichana wawili bila kuhesabu.

Wakati wa kulipa, mama alimuuliza mtunza feza: «Mwana, nani alikufundisha kuangalia nyungu vile? Hata bibi yangu aliangaliaka vile.»

Akajibu: «Ni mama. Anauzishaka bukari ku njia. Njo yeye ananilipiaka minervali.»

Sisi wote tulinyamaza. Tulikuwa naye darasani miaka mine. Tulilala naye katika chumba kimoja. Mara ngapi tulisema «chakula cha vumbi» mbele yake, na yeye akacheka pamoja nasi! Njiani mmoja wetu alimuuliza: «Mbona haukutuambia?» Alijibu: «Mungecheka.» Hatukupata jibu, kwa sababu ni kweli, tungecheka.

Toka saa ile tulianza kuangalia mji kwa macho mengine. Mzee mmoja wa kwaya ya wenyeji wetu alitueleza jinsi watu wa Lubumbashi walivyopata chakula chao. Mji ulianza mwaka 1910, wakati reli ilipofika kutoka kusini, na uliitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966. Wafanyakazi wa shaba walitoka pande nyingi: Kasai, Luapula, kaskazini ya Katanga, na inchi tunayoita leo Zambia. Kampuni ya Union Minière iliwagawia posho, na katika posho kulikuwa unga wa mahindi. Hata mtu aliyezoea muhogo kwao alizoea bukari ya mahindi hapa. Mpaka leo magunia mengi ya unga yanapita Kasumbalesa kutoka Zambia. Lakini kila mtu alikuja pia na mboga ya kwao. Kwa sababu hii unaweza kukuta katika njia moja sombe yenye mafuta ya ngazi, samaki ya Kasenga iliyokaushwa kwa moshi, maharagi, na kikanda, ile mikate ya viazi vya pori iliyotwangwa pamoja na karanga. Wakati wa mvua kuna uyoga wa pori wa namna nyingi, unauzishwa njiani kwa mafungu. Mzee alisema mtu anayetaka kujua watu wa mji huu walitoka wapi, afungue nyungu zao.

Hatutaki kudanganya kwamba kila kitu kilienda vizuri. Ijumaa jioni tulitaka michopo, ile nyama ya mbuzi inayochomwa juu ya makala, inakatwa vipande, inatiwa chumvi, kitunguu na pilipili, na kufungwa katika karatasi. Tuliona mahali pamoja penye watu wengi na kelele, tukasema: «Tufuate sheria ya mtunza feza, penye watu ndipo pazuri.» Yeye alikataa, lakini tulimshinda tena kwa wingi. Kumbe watu walikusanyika kwa pombe na muziki, hawakufuata nyama. Nyama ilikuwa ya mchana, imekauka kama kiatu. Hapo tulijifunza kwamba haitoshi kuhesabu watu, inafaa kuangalia wanafanya nini pale. Jumamosi jioni tulipata michopo nzuri kwa baba mmoja asiyeuzisha kitu kingine. Alitukatia mbele ya macho yetu, na alipokwisha mbuzi wake alizima moto, akaenda nyumbani.

Jumamosi saa sita tulirudi kwa mama wa Kenya. Alitupokea kama watoto wake, tukakula sombe. Alituambia tusije siku ya Mungu, kwa sababu siku ile hapiki, anaenda kuabudu. Basi siku ya Mungu tulikula mikate na kikanda, tukakunywa munkoyo iliyotengenezwa siku ileile, tamu, isiyolewesha. Feza ilitosha, hata makuta kidogo ikabaki.

Katika kurudi, kamio ilisimama kidogo katika mji wa kwao mtunza feza. Alituonyesha kwa kidole upande wa pili wa njia. «Ni pale,» alisema. Hakukuwa mtu, kwa kuwa ilikuwa siku ya Mungu. Tuliona tu meza moja iliyogeuzwa miguu juu, mawe matatu meusi, na mahali palipofagiliwa vizuri kabisa. Tulishuka wote, tukaenda kusimama pale mpaka shofere alipopiga honi.

Tulipofika shuleni, Bwana Prefe alidai risiti za chakula. Tulikuwa na moja tu yenye muhuri, ya nyumba ile tuliyokula vibaya. Zingine zilikuwa katika daftari la mtunza feza, kwa penseli: bukari sahani nane, thomson nane, michopo, kikanda. Bwana Prefe alizihesabu, akakuta hakuna kosa, akatia sahihi.

Wale watakaoenda mwaka ujao, wachukue mashauri haya. Uliza bei mbele ya kukaa. Angalia wanaokula ni nani na wanarudi kwa sababu gani. Angalia maji, angalia kifuniko. Mwenye nyungu mbili anazijua kuliko mwenye karatasi ya vyakula makumi mawili. Ufike kati ya saa sita na saa nane, wakati bukari ni ya moto.

Mwenzetu tulimwomba ruhusa ya kuandika habari hii. Alisema: «Andikeni, lakini musitie jina langu.» Hatukulitia. Na lile jina lingine, la vumbi, kule internat hatulisemi tena.