Mtazame Mwuzaji Kabla ya Gari

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpenzi msomaji, methali hii haina budi kutafakariwa upya na yeyote apitaye Barabara ya Ngong, inayopita baina ya Kibera na Kawangware. Kandokando yake yamepangwa magari yaliyokwisha kutumika, mengi kutoka Japani, yakimetameta kwa nta. Katika yadi hizo hata kibaya hujiuza, maana rangi mpya husitiri mengi.

Chama cha mjomba wangu, chenye wanachama kumi na wawili wa mitaa hiyo miwili, kilidunduliza fedha kwa miaka minne ili kinunue gari la kukodisha kwa harusi na matembezi ya Naivasha. Wamo humo wauza mboga na mafundi cherehani. Nami, kwa kuwa nasoma chuo kikuu, nilitwikwa jukumu la kuandamana nao.

Yadi ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilikuwa na bei nafuu kuliko zote. Dalali alitaka amana papo hapo.

"Mzee, kuna mteja mwingine yuko njiani," alisema.

Mjomba alipoomba kuiona logibuku, aliambiwa kuwa ingali kwa mwenye gari.

"Basi, kijana wangu, tupeleke kwake," akajibu kwa upole.

Mwenye gari hakupatikana, nasi tukajiendea zetu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, hushikilia kwamba kwa kawaida mtu hawezi kumpa mnunuzi haki ya umiliki ambayo yeye mwenyewe hana. Kwa hiyo, fedha za miaka minne zingeweza kununua kesi badala ya gari.

Yadi ya pili ilikuwa ghali zaidi. Hata hivyo, mwenyewe alitupa nambari ya usajili tukatafute rekodi za gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Alimruhusu fundi wetu aingie chini ya gari na kulinganisha nambari ya chesisi na ile ya logibuku. Akaleta pia cheti kilichotoka nalo Japani, tukalinganisha kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye dashibodi. Mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza nao tuliukagua, kwani kiwango cha KS 1515:2000 hakiruhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka minane. Majirani wa yadi walimfahamu kwa jina, na mkataba ulitiwa saini mbele ya wakili.

Hivyo basi, mwuzaji mwaminifu hutambulikana kwa jinsi anavyopokea maswali. Anayechukia kuulizwa kabla hajalipwa, akishalipwa hataitika simu. Tajiri akidanganywa atanunua gari jingine. Mama muuza mboga ataanza tena kuweka shilingi moja moja. Tuulize, ndugu zangu, tena bila haya.