Kutoka Kabimba: Macho Peke Yake Hayatoshi

Kabimba ni mahali ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie, panapojulikana kwa mawe yake ya chokaa na kiwanda cha saruji. Mwenye kutoka Kalemie kwa mtumbwi, mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, huwa na nchi kavu kuumeni kwake na maji mapana kushotoni. Mchana njia si ngumu. Lakini usiku moto wa ufukoni hufanana na moto mwingine, na taa za wavuvi wa ndagala zimetapakaa majini. Kwa hiyo nahodha hodari haiamini taa ya kwanza aionayo. Hutafuta alama ya pili, hata ya tatu.

Basi, wasomaji wapenzi, msidhani kwamba shida hii ni ya watu wa mitumbwi tu. Marubani nao imewapata.

Tarehe 18 Desemba 2013, ndege kubwa aina ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilitoka Addis Ababa kwenda kiwanja cha Kilimanjaro, huko Tanzania. Lakini ilitua katika kiwanja kidogo cha Arusha, kilomita 50 hivi kutoka kule. Njia ya kutulia ya Kilimanjaro ina urefu wa mita 3,600. Ile ya Arusha wakati huo haikufika mita 1,700. Ndege ikapita mwisho wa lami, ikasimama majanini. Twamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Hata hivyo abiria walikawia sana kushuka, maana kiwanja kile hakikuwa na ngazi ya kufikia milango ya ndege kubwa kama ile.

Tazameni jinsi viwanja hivi vinavyofanana. Njia zote mbili zimelala mashariki na magharibi, na zote zimeandikwa nambari zile zile, 09 na 27, kwa kuwa nambari hizo huonyesha upande ndege inakoelekea, wala si jina la mahali. Mwenye kuitafuta njia yenye nambari hiyo aweza kuiona nyingine, na moyo wake ukatulia upesi mno.

Jirani na Katanga, huko Ndola nchini Zambia, jambo kama hilo lilitokea mwezi wa Aprili 2021. Ndege ya mizigo ilitua katika kiwanja kipya ambacho ujenzi wake haukuwa umekwisha, badala ya kile cha zamani kilichokuwa kikitumika.

Yafaa tusiwacheke marubani hao. Jicho huona upesi lile ambalo moyo unalitazamia. Ndiyo maana rubani hufundishwa kulinganisha alionalo dirishani na mitambo iliyo mbele yake, na akiwa na shaka, apae tena juu na kuuliza. Kupaa tena ni kupoteza dakika chache; kutua mahali pasipo pake ni kuhatarisha roho za watu. Wahenga walisema: kuuliza si ujinga. Mwenye mtumbwi wa Kabimba na mwenye ndege angani, wote wawili wamebeba watoto wa watu.