Kupiga Picha Katika Miji ya Kale ya Moroko

Endapo utajaliwa kuzuru miji ya kale ya Moroko pamoja na kundi la wasafiri, jua mapema kwamba adui mkubwa wa picha zako atakuwa haraka ya msafara wenyewe.

Chukua mfano wa Fez. Mji wake wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika turathi za dunia mwaka 1981, hauna magari. Vichochoro ni vyembamba na mizigo hubebwa na punda. Ukisikia mtu akipaza sauti, "Balak!", jibanze ukutani kwanza, picha baadaye. Usibaki nyuma peke yako, kwani kupotea humo ni rahisi mno. Afadhali mwombe kiongozi wenu asimame dakika kumi mahali pamoja kuliko kupiga picha mkitembea.

Huko Chouara, ngozi hutiwa rangi katika mabirika yaliyo wazi. Wageni hutazama kutoka roshani za maduka, wakinusa majani ya nanaa ili kustahimili uvundo. Lakini kumbuka kuwa wale vijana walio chini, waliozama hadi mapajani, wako kazini.

Hapo ndipo penye jambo zito. Mtu mmoja akimwelekezea fundi kamera, huonekana mgeni. Ishirini wakifanya hivyo kwa pamoja, huwa ni uvamizi. Basi pokezaneni, wawili wawili. Wengi, hasa akina mama na wazee, hawapendi kupigwa picha bila idhini. Toa salamu, onyesha kamera, ungoje jibu. Akikataa, mshukuru uende zako.

Mjini Marrakech, katika uwanja wa Jemaa el-Fna, wachezesha nyoka na wauza maji waliovaa mavazi mekundu hutarajia malipo kwa picha. Patana nao kabla ya kuinua kamera, na uwe na sarafu za dirham mfukoni. Mnara wa Koutoubia, wenye urefu wa mita 77 hivi, usubirie jua la jioni. Askari na wanajeshi usiwapige picha kamwe.

Ukirejea nyumbani, watoto watashika picha moja na kuuliza, "Huyu ni nani?" Waliopiga mbio hawatakuwa na jibu. Wewe uliyesimama na kusalimu utakuwa na hadithi ya kuwasimulia hadi chakula kipoe.